Kwa nini ukuta wa mchanga huporomoka ghafla

Ukuta wa shimo la mchanga unaweza kusimama wima siku kadhaa, watu wakichimba chini yake na lori likisubiri mzigo. Kisha unaanguka kwa sekunde chache. Mchanga ndivyo ulivyo: ukitulia hubeba uzito kama jiwe, ukizidiwa hutiririka kama maji.

Nini kinaushikilia?
Mwaga mchanga mkavu chini. Lundo litapanda mpaka mteremko wake ufikie nyuzi 30 hadi 35 hivi, na hapo kila beleshi unaloongeza litateremka pembeni. Msuguano wa chembe hauwezi kuhimili zaidi. Mchanga wenye unyevu husimama wima kwa sababu utando mwembamba wa maji huvuta chembe zishikamane. Jua likiukausha, utando huo hupotea. Mvua ikijaza nafasi zote kati ya chembe, hupotea vilevile, na uzito huongezeka.

Kwa nini ghafla?
Mwaka 1885, Osborne Reynolds, profesa aliyefundisha Manchester, Uingereza, alieleza kwamba mchanga ulioshindiliwa hauwezi kubadili umbo bila kutanuka, maana chembe hulazimika kupandana. Kanyaga mchanga mbichi ufukweni uone: pembeni ya mguu panakauka mara moja, kwa kuwa maji yamezama kwenye nafasi zilizofunguka. Ukutani, chembe zikishaachana hupoteza nguvu. Sehemu moja ikilegea, mzigo wake huhamia kwa jirani, naye hulegea.

Jikinge
• Usichimbe pango chini ya ukuta. Anzia juu, ushuke kwa ngazi.
• Lori na lundo vikae mbali na ukingo.
• Ukiona ufa juu ya ukingo au chembe zikidondoka zenyewe, ondoka.
• Kagua ukuta upya baada ya mvua au jua kali.
• Usichimbe peke yako.

Mtu akifukiwa
Mita moja ya ujazo ya mchanga ina uzito wa kilo 1,500 hivi, na zaidi ukilowa. Aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kukosa pumzi hata kama kichwa kiko nje. Iteni msaada, na kabla ya kuingia angalieni ukuta uliobaki, kwani unaweza kuanguka tena. Fukueni uso na kifua kwanza, kwa mikono mkifika karibu na mwili. Msimvute kwa kamba. Mchanga humbana kwa nguvu na mtamuumiza.