Nyumba ya Mama: Mirathi, Hiba na Wakfu

Kiswahili hakitenganishi sana nyumba na watu wake. Tukieleza ukoo, tunataja mbari na milango, na mlango hapo si mbao zilizochongwa bali ni tawi la ukoo mkubwa. Ndugu wa mama mmoja huitwa watu wa tumbo moja. Ndoa ikifa, husemwa nyumba imevunjika, hata kama paa halijapoteza boriti moja. Kwa hiyo wazee wa pwani walipokuwa wakiamua nyumba iende kwa nani, walikuwa wakiamua pia nani atakaa karibu na nani. Walikuwa na maneno matatu ya sheria kwa kazi hiyo: mirathi, hiba na wakfu. Tangu mama yetu alipofariki, maneno hayo yamekaa nasi barazani, na kila moja linatuvuta upande wake.

Nyumba yenyewe iko Mkomani, Lamu, upande wa mji wenye majumba ya mawe, ambayo mengi yake ni ya karne ya 18. Kuta ni za matumbawe na chokaa, na dari zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haivuki nafasi inayozidi mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, vikifuatana kimoja nyuma ya kingine: daka mlangoni, kiwanda kilicho wazi kwa mbingu, kisha msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho ndani, chumba cha faragha kuliko vyote. Fundi hakuweza kukipanua chumba. Aliweza tu kuongeza kingine. Nyumba ya namna hiyo hukua kwa kupanda juu, au kwa kuvuka kichochoro kwa wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya njia ya watu ili kuunganisha nyumba mbili za jamaa.

Kuongeza huko kulikuwa na sababu. Katika desturi ya waungwana wa Lamu, binti alipoolewa, mume ndiye aliyehamia kwa mke, na wazazi wa binti ndio waliotoa makazi. Sheria ya mirathi humpa binti nusu ya fungu la nduguye wa kiume. Mzazi aliyetaka binti yake awe na nyumba nzima hakungoja mauti. Alimpa kwa hiba angali hai. Hiba hutimia kwa mambo matatu: mtoaji atamke, mpewa akubali, na kitu kikabidhiwe. Hivyo ndivyo bibi yetu mzaa mama alivyompa mama nyumba hii alipoolewa, na yeye bibi alikuwa ameipokea vivyo hivyo kwa mama yake. Ilipita mikononi mwa wanawake watatu bila kukatwa. Ajuaye habari hiyo hashangai kusikia kwamba watu wa mtaa hawakuiita kwa jina la baba.

Mama hakutoa hiba. Alikuwa na mabinti watatu na wana wawili, na nadhani hakutaka kuchagua. Wasia nao usingemsaidia sana, kwa kuwa hauvuki theluthi moja ya mali, na mrithi hausiwi ila warithi wenzake wakiridhia. Baba alikuwa ametangulia. Basi likabaki neno la kwanza, mirathi, na mirathi ni hesabu.

Hesabu yetu ni hii. Watoto watano, wana wawili na mabinti watatu, ni mafungu 7: kila mwana 2, kila binti 1. Kabla hatujagawana, kaka yetu mkubwa naye akafariki, akaacha mke, mwana na binti. Fungu lake likafunguliwa upya: thumni kwa mjane, na iliyobaki kwa watoto, mwana mara mbili ya binti. Ili kila mtu apate namba kamili, nyumba hukatwa sehemu 84. Kaka aliye hai ana 24. Sisi dada watatu tuna 12 kila mmoja. Wifi yetu ana 3, mwanawe ana 14, binti yake ana 7. Nilifundisha Kiswahili katika shule ya sekondari kwa miaka mingi, si hisabati, lakini jumla hiyo nimeirudia mara nyingi usiku na haikosei.

Hesabu ni ya haki. Shida ni kwamba nyumba ya Lamu haikujengwa kwa namba hizo. Sehemu 3 kati ya 84 za nyumba ni nini? Ni kidaka kimoja cha ukutani, au ni ngazi mbili za kupandia sabule? Jibu la sheria liko wazi: kisichogawika bila kuharibika huuzwa, na thamani yake ndiyo igawanywe. Hilo ndilo aombalo kaka yangu, naye si mroho. Boriti za sabule zimeliwa na mchwa, chokaa inabanduka kila mvua za masika zikipita, na yeye hana pensheni kama mimi. Wanunuzi wako, tangu mji wa Lamu ulipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, majumba haya yametafutwa hata na watu wa mbali. Binti ya marehemu kaka yuko chuoni na ada haingoji. Wifi anahitaji kulipa kodi mwezi huu, si mwaka ujao.

Wasomaji wa ushairi wanaijua picha ya upande wa pili. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliuonyesha moyo wake majumba ya Pate yaliyokuwa yamejaa watu na taa, kisha yakabaki magofu. Huwa tunaisoma kama mawaidha juu ya dunia, na ni mawaidha kweli. Lakini mtu aliyekwenda Pate akaona tumbaku ikilimwa katikati ya kuta zilizobaki hujiuliza jambo la kawaida zaidi: ni nani aliyekuwa na wajibu wa kutia chokaa mwaka ule, na kwa nini hakutia? Pate ilidhoofishwa na vita na biashara iliyohama. Hata hivyo ukuta wa matumbawe huanguka kwanza pale ambapo paa halina mwenyewe mmoja wa kuulizwa.

Hapo ndipo neno la tatu linapoingia. Wakfu limetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kusimama na kusimamisha. Mali ya wakfu husimamishwa: haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi, manufaa yake tu ndiyo yanayotembea. Mfano wa mwanzo unaotajwa sana ni wa Omar bin al-Khattab na ardhi yake ya Khaybar. Imepokewa pia kwamba Zubeir bin al-Awwam aliziweka nyumba zake wakfu na akawapa mabinti zake waliotalikiwa haki ya kukaa humo. Habari ya Zubeir ilinigusa, kwa kuwa ni karibu sana na yale waliyokuwa wakiyafanya wazee wa Lamu kwa njia ya hiba.

Lakini wakfu wa kizazi, ule unaonufaisha kwanza watoto na wajukuu, una historia ngumu katika nchi zetu. Mwaka 1894 Baraza la Faragha la Malkia huko London, ambalo lilikuwa mahakama ya mwisho ya makoloni, liliamua katika kesi iliyotoka Bengal kwamba wakfu wa aina hiyo ni batili iwapo maskini watapata kitu tu baada ya kizazi chote kukatika. Kwa macho ya majaji, sadaka hiyo ilikuwa jina tu. Uhindi ilipata sheria ya kuurudisha wakfu huo mwaka 1913. Uamuzi wa 1894 ulivuka bahari ukatumika hata katika kesi iliyotoka Kenya, na ni Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya mwaka 1951 iliyotamka kwamba wakfu wa kizazi ni halali, mradi mwisho wake uwe kwa maskini au jambo la heri la kudumu. Kwa muda mrefu, basi, familia za pwani ziliandika kwa lugha moja na kusomwa mahakamani kwa lugha nyingine.

Wala wakfu peke yake hauzuii mvua. Katika Mji Mkongwe wa Unguja kumekuwa na majumba ya wakfu yaliyopangishwa kwa kodi ndogo isiyotosha hata kubadili boriti, na baadhi yakaporomoka yakiwa bado ni wakfu. Kusimamisha mali bila fedha za kuitunza ni kuiacha ianguke polepole.

Tulilokata ni hili. Dada zangu wawili nami tumeunganisha sehemu zetu 36. Kiinua mgongo changu kimenunua kwa sulhu sehemu 3 za wifi na 7 za binti yake, kwa bei iliyopimwa mbele ya kaka, ili haki yao iwafikie sasa na kwa fedha taslimu. Mwana wa marehemu kaka, afanyaye kazi Muscat, ameandika kwamba 14 zake ziingie pamoja na zetu. Zote ni 60, yaani mafungu 5 kati ya 7, nazo tunaziweka wakfu; madhehebu ya Shafii yanaruhusu kuweka wakfu sehemu ya mali ya shirika. Kaka amebaki na 24 zake. Sabule itapangishwa kwa wageni, kodi ilipie kwanza matengenezo, na iliyobaki igawanywe, naye apate fungu lake kila mwezi. Akitaka kuuza baadaye, hatutamzuia, nasi tunaijua hatari hiyo.

Hati ina masharti matatu. La kwanza ni chokaa na boriti kabla ya mtu yeyote kupokea shilingi. La pili ni kwamba binti yeyote wa kizazi cha mama aliyeachwa au kufiwa na mume ana haki ya kukaa ndani. La tatu ni sehemu moja ya kumi ya mapato ya wakfu kwenda kwa maskini tangu mwezi wa kwanza, wasingoje sisi tukatike.

Mwandishi wa hati alikuwa ameorodhesha chumba namba 1 hadi namba 7. Nilimwomba aandike daka, kiwanda, msana wa tini, msana wa yuu, ndani, sabule, wikio. Aliniuliza wikio huandikwaje, nikamtajia herufi moja moja.