Milinganyo tofautishi: Tambua aina kabla ya kutatua

MWANAFUNZI anayekutana na milinganyo tofautishi kwa mara ya kwanza hukimbilia kutafuta jawabu. Hilo ni kosa la kawaida. Kazi ya kwanza ni kuutambua mlinganyo wenyewe, kwani aina yake ndiyo inayoamua njia ya kuutatua.

Mlinganyo wa aljebra huuliza namba isiyojulikana. Mlinganyo tofautishi hubeba ndani yake kasi ya kubadilika kwa kiasi fulani, na jawabu lake si namba moja, bali ni kanuni inayoonyesha kiasi hicho kitakuwaje kila wakati. Misingi ya elimu hii iliwekwa katika karne ya 17 na Isaac Newton wa Uingereza na Gottfried Leibniz wa Ujerumani.

Chukua mfano wa dawa. Kwa dawa nyingi, kasi ya kupungua katika damu hulingana na kiasi kilichobaki. Kiasi kikiitwa y na muda t, huandikwa: dy/dt = -ky, ambapo k ni namba isiyobadilika. Kwa mtu mzima mwenye afya, parasetamoli hupungua kwa nusu katika muda wa saa 2 hadi 3 hivi. Hesabu ya namna hii ni mojawapo ya misingi ya kupanga saa za kumeza dawa.

Kawaida au sehemu

Mlinganyo wa dawa huitwa wa kawaida, kwa sababu kiasi kinategemea kigeu kimoja tu, yaani muda. Lakini joto linalosafiri katika mwiko wa chuma uliotumbukizwa chunguni hutegemea muda na pia mahali. Mlinganyo wenye vigeu viwili au zaidi vya namna hiyo huitwa wa sehemu. Ule wa joto ulielezwa na Mfaransa Joseph Fourier katika kitabu chake cha mwaka 1822.

Daraja

Daraja la mlinganyo huhesabiwa kwa kasi ya juu kabisa iliyomo. Dawa ni daraja la kwanza. Jiwe linaloanguka ni daraja la pili, kwa kuwa huhusu mchapuko, yaani kasi ya kubadilika kwa mwendo. Daraja lisichanganywe na kipeo: (dy/dt)² bado ni daraja la kwanza.

Daraja pia huonyesha taarifa zinazohitajika. Mlinganyo wa kawaida wa daraja la kwanza huhitaji sharti moja la mwanzo, kama vile dozi iliyomezwa. Wa daraja la pili huhitaji mawili: jiwe lilikuwa wapi, na lilikuwa likienda kwa mwendo gani. Bila masharti hayo hupatikana jawabu la jumla tu, si jawabu mahususi.

Mstari au usio wa mstari

Huu ndio mgawanyo wenye uzito mkubwa zaidi. Katika mlinganyo wa mstari, kiasi kinachotafutwa na kasi zake havizidishwi vyenyewe kwa vyenyewe, wala havipandishwi kipeo. Ukiongeza dozi mara mbili, dawa iliyobaki kila saa nayo huwa mara mbili.

Ugonjwa wa kuambukiza haufuati desturi hiyo. Maambukizi hutokea wagonjwa wanapokutana na wazima, hivyo idadi hizo mbili huzidishwa pamoja, na mlinganyo si wa mstari tena. Hapo huzuka kizingiti. Sir Ronald Ross, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kazi yake juu ya malaria, alionyesha kwa hisabati kwamba si lazima kuangamiza mbu wote: wakipunguzwa chini ya kiwango fulani, malaria hufifia yenyewe. Mwaka 1927, William Kermack na Anderson McKendrick walipata kizingiti kama hicho kwa magonjwa ya mlipuko.

Milinganyo mingi isiyo ya mstari haina jawabu la kuandikwa kwa fomula, hivyo hukadiriwa kwa kompyuta, kama inavyofanyika katika utabiri wa hali ya hewa.

Kwa hiyo, kabla ya kushika kalamu, jiulize: vigeu ni vingapi? Daraja ni lipi? Ni wa mstari? Masharti yametolewa? Aliyejibu hayo manne amekwisha kujua aanzie wapi.