Bastola, gobole na nguruwe wa Rufiji: risasi gani inafaa kwa asiyezoea silaha?

Ndugu mkulima, na wewe ndugu yangu unayezunguka vijijini kununua ufuta na korosho, msimu huu swali limekuja kwa namna mbalimbali lakini ni lilelile. Mtu ana bastola yenye leseni, aliichukua kwa sababu anatembea na fedha za mazao. Sasa njia yake inapita porini kuelekea Mbwara, au shamba lake liko mbali na nyumba, na nguruwe pori wamezidi. Anauliza: niweke risasi gani ili nguruwe akinigeukia nijiokoe?

Jibu la risasi nitakupa, tena kwa majina na uzito. Lakini nakuomba kwanza upitie nami historia, kwa sababu katika bonde hili nguruwe na risasi wamefuatana kwa zaidi ya miaka 120, na ukiijua safari yao utaelewa kwa nini nakujibu hivi.

Tuanze na silaha ambayo babu zetu walikuwa nayo. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels, wakakubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie mikononi mwa Waafrika. Kilichoruhusiwa kuuzwa, tena kwa kibali, ni bunduki za zamani za kujazia mdomoni na baruti ya kawaida. Hiyo ndiyo asili ya gobole kubaki kwetu muda mrefu hivi. Wengi hudhani gobole lilibaki kwa sababu watu wa kusini hawakutaka maendeleo. Sivyo. Lilibaki kwa sababu wakubwa walikaa mezani wakaamua sisi tubaki nalo.

Gobole unalijua. Unamimina baruti, unashindilia kitambaa, unatia goroli au vipande vya chuma, unashindilia tena, unaweka fataki. Ukifyatua umemaliza, unaanza upya. Na nguruwe anaingia mahindini na mpungani wakati wa masika, ambapo baruti inashika unyevu. Kwa hiyo hata mwenye gobole hakulitegemea peke yake. Kazi kubwa ilifanywa na watu wengi kwa pamoja: nyavu, mbwa, mashimo, uzio wa miti, na kulala shambani kwenye dungu. Mwindaji na gobole lake alikuja kumalizia tu.

Wajerumani wakaja wakavunja mpango huo kipande kwa kipande. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa sheria ya wanyamapori na kutenga hifadhi, mojawapo ikiwa huku Rufiji. Mwaka 1898 mikoko ya delta ikafanywa msitu wa serikali. Uwindaji wa wenyeji, ukiwemo wa nyavu, ukabanwa kwa sheria na vibali. Kisha kuanzia 1902 likaja pamba la lazima kwenye mashamba ya pamoja. Wanaume wakatolewa majumbani kwenda kulima pamba na kazi nyingine za kulipia kodi. Mashamba ya chakula yakabaki kwa akina mama na watoto, bila nyavu na bila wawindaji. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameandika kuhusu jambo hili kwa upande wa Uzaramo, jirani zetu wa kaskazini: nguruwe walipozidi, njaa ilifuata, na hasira iliyozaa vita ilipikwa humo ndani ya kaya.

Sasa sikiliza hili. Ngarambe siyo mbali na Mbwara. Hapo ndipo Kinjikitile Ngwale alipogawa dawa ya maji. Shuleni tulifundishwa kwamba dawa ile iligeuza risasi ya Mjerumani kuwa maji, basi. Lakini gavana von Götzen, aliyepigana vita ile na baadaye akaandika kitabu juu yake, alieleza kuwa watu waliambiwa dawa ingewaondolea shida za kilimo, njaa na maradhi, na hasa ingekinga mashamba yao yasiharibiwe na nguruwe pori. Tafakari kidogo. Watu walitembea siku nyingi kwenda Ngarambe kutafuta dawa ya nguruwe. Nguruwe na risasi walikuwa ndani ya kibuyu kimoja.

Mwishoni mwa Julai 1905 mapamba yaling'olewa kule Nandete, Umatumbini. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Vita ilikwisha 1907, na wengi zaidi walikufa kwa njaa kuliko kwa risasi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 75,000 na kwenda hadi karibu 300,000. Baada ya hapo magobole yakakusanywa. Fikiria mwenyewe: watu wamepungua, mashamba yamerudi kuwa vichaka, silaha zimechukuliwa. Nani alistawi? Nguruwe anapenda kichaka kilichopakana na shamba kuliko pori kubwa lenyewe.

Kipindi cha Waingereza nitakipita haraka. Pori la Akiba la Selous lilitangazwa 1922, likapewa jina la mwindaji aliyeuawa vitani Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Maafisa wanyamapori, waliojulikana kama Bwana Nyama, walikuwa na rifle nzuri, lakini nguvu zao nyingi zilikwenda kwa tembo. Nguruwe aliachiwa mkulima.

Kilichotuumiza zaidi kwa upande wa nguruwe kilitokea baada ya uhuru, na wazee wengi waliokuwepo bado wapo. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, Operesheni Rufiji ilihamisha watu kutoka bondeni kwenda kwenye vijiji vya ujamaa sehemu za juu. Shule zikaja, zahanati zikaja, sikatai. Lakini shamba la mpunga na mahindi lilibaki kule chini kwenye udongo mzuri, na nyumba ikawa huku. Zamani mtu alilala nyumbani akawa tayari yuko shambani. Sasa ikabidi kuhama na familia kwa miezi, mnaishi kwenye dungu mpaka mavuno.

Na dungu likaleta simba. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake wakiwemo watafiti wa Kitanzania walichapisha hesabu yao: tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 Tanzania na kujeruhi zaidi ya 300, wengi wao wilaya za pwani na kusini, Rufiji ikiwemo. Mashambulizi yalizidi miezi ya mavuno, na yalizidi mahali penye nguruwe pori wengi. Simba anamfuata nguruwe, nguruwe anafuata mahindi, na katikati ya mahindi amelala mtu kwenye kibanda cha majani. Yule simba wa Rufiji aliyepewa jina la Osama aliua watu zaidi ya 30 kabla ya kuuawa Aprili 2004. Alikutwa na jino bovu lenye usaha.

Basi turudi kwenye bastola yako.

Kwanza mjue mnyama. Nguruwe pori wetu siyo ngiri. Ngiri hutembea mchana. Huyu hutoka usiku, kwa kundi, na dume kubwa laweza kupita kilo 100. Kwa kawaida hukimbia akisikia mtu. Hugeuka akijeruhiwa, akibanwa na mbwa, au jike akiwa na watoto. Meno yake siyo marefu kama ya ngiri lakini yanakata. Moyo wake uko chini, kati ya miguu ya mbele, nyuma ya misuli mizito ya bega. Akikujia uso kwa uso unachokiona ni kichwa, na fuvu la kichwa lina mteremko na mfupa mzito. Kwa hiyo unahitaji risasi inayopenya. Hiyo ndiyo kanuni yenyewe.

Risasi nyingi za kujilinda dhidi ya binadamu zina tundu kwenye ncha ili zipanuke zikigonga. Kwa nguruwe hilo ni kosa: inapanuka kwenye ngozi na nyama ya bega na kuishia hapo. Chukua risasi nzima isiyo na tundu, ya madini magumu, yenye ncha bapa, na nzito kwa kipimo chake.

Kuhusu vipimo, .38 Special, ya mwishoni mwa karne ya 19, haina msukumo wa kutosha kwa dume kubwa. .44 Magnum, iliyotoka Marekani 1955, inatosha na kuzidi, lakini inarusha mkono juu kiasi kwamba asiyezoea anafumba macho kabla ya kufyatua, na risasi ya pili haimpati mnyama. Kati yao ipo .357 Magnum ya mwaka 1935. Kwa mtu mgeni wa silaha ningesema hiyo, yenye kichwa cha gramu 10 hivi (kwenye boksi imeandikwa 158). Faida yake nyingine ni kwamba bastola ya .357 inapokea pia .38 Special, hivyo unaweza kujifunzia kwa risasi laini kisha ukahamia kali. Usifanye kinyume chake: bastola iliyotengenezwa kwa .38 usiilazimishe .357. Na usichanganye aina mbili ndani ya silinda moja.

Lakini angalia ushauri huu umetoka wapi. Umetoka Marekani, ambako nguruwe waliotoroka mazizini na wengine walioletwa kutoka Ulaya wamejaa mashambani, mwindaji huenda uwanja wa mazoezi, na akiua nyama inakwenda kwenye friza. Pwani yetu waliowengi ni Waislamu. Nguruwe haliwi, na huo ni mmoja wa sababu kwamba hata mwenye silaha hakuhangaika kumfuata. Anayefikiria kuuza mzoga kwa wauza kitimoto mjini ajue kuwa nguruwe pori hubeba virusi vya homa ya nguruwe bila yeye kuugua, na mzoga mmoja ukifika kwenye banda la jirani unamaliza banda zima.

Tofauti kubwa zaidi ni dungu. Risasi ya .357 ikimkosa nguruwe inaendelea mbali zaidi ya kilomita 1. Kwenye bonde letu mwezi wa nne, ndani ya kilomita hiyo kuna madungu mangapi? Kuna watoto wangapi wamelala nyuma ya ukuta wa makuti? Usiku mlio na mwali wa bastola unakupofusha sekunde kadhaa, na bastola yenye mtutu mfupi hata mchana ni ngumu kulenga hatua 15. Yule aliyekaa kwenye dungu la jirani hana habari kwamba ulikuwa unajilinda.

Kwa sababu hiyo msimamo wangu ni huu. Kama tayari una bastola yenye leseni na unapita njia ya pori, weka risasi niliyotaja, na uitumie pale tu mnyama ameshakujia na umeona kilicho nyuma yake. Usitoke nayo kwenda kumtafuta nguruwe shambani, na mnyama aliyejeruhiwa usimfuate kichakani. Kama huna, usitafute bastola kwa ajili ya nguruwe. Fedha hiyo inunue waya na tochi zenye mwanga mkali, na muda huo ulipeni kwa zamu za kulinda, mashamba yaliyopakana yakikaa pamoja badala ya kila mtu na dungu lake upande wake. Fyekeni ukanda wa hatua 20 kati ya shamba na kichaka. Nguruwe hapendi kuvuka mahali peupe. Mihogo na karanga zipandwe upande wa ndani, siyo pembezoni. Dungu liwe juu ya nguzo ndefu, lenye mlango unaofungwa.

Na silaha yoyote, gobole la babu likiwemo, iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kuwa nayo bila leseni ni kosa, hata kama imetundikwa ukutani tangu enzi. Sihitaji kukukumbusha ya Kibiti. Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa hapa kwetu, na viongozi wa vijiji waliuawa pia. Mlio wa usiku Kibiti na Rufiji haupokelewi kama mlio wa Singida. Kabla hujapita njia mpya na bastola kiunoni, mjulishe mtendaji wa kijiji unakokwenda.

Nguruwe wakishaingia, usisubiri mavuno kuripoti. Andika tarehe, zao, na ukubwa wa eneo lililoharibiwa, piga picha za nyayo, upeleke kwa mtendaji wa kijiji na nakala kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Taarifa za mashamba kumi ya jirani zilizoletwa siku moja ndizo zinazomtoa askari wa wanyamapori ofisini na rifle yake, na huyo anajua alengee wapi.