Seli ina mambo mawili: historia fupi ya jedwali la kompyuta

Hebu jaribu hili. Fungua Excel, andika namba ya simu inayoanza na 07, kisha bonyeza Enter. Sifuri ya mbele imepotea. Nenda kwenye kisanduku kingine, andika 3/4. Ulitaka robo tatu, umepewa tarehe.

Kabla hujailaumu kompyuta, elewa kwamba kila kisanduku, yaani seli, kina mambo mawili. La kwanza ni thamani: kile kilichohifadhiwa ndani. La pili ni sura: kile unachokiona kwenye skrini. Mambo haya mawili si lazima yafanane, na kuyatenganisha kuna historia yake.

Tuanze na mwaka 1978. Dan Bricklin, mwanafunzi wa biashara Harvard, alipata wazo la jedwali linalojikokotoa lenyewe. Rafiki yake Bob Frankston akaandika programu, na mwaka 1979 VisiCalc ikaanza kuuzwa kwa ajili ya kompyuta za Apple II. Ndani yake kulikuwa na amri ndogo, /F, ya kuchagua sura ya seli. Weka 3.14159, uipe sura ya namba kamili, utaona 3. Ipe sura ya fedha, utaona 3.14. Lakini hesabu zinazotumia seli hiyo ziliendelea kuchukua 3.14159 yote. Kulikuwa hata na sura ya nyota: thamani 5 ilionekana kama nyota tano zilizopangwa mstari, ukapata grafu ndani ya jedwali. Thamani haikuguswa.

Miaka hiyohiyo, 1978 na 1979, Mnorwe Trygve Reenskaug alikuwa mgeni katika maabara ya Xerox PARC, California. Yeye ndiye aliyeupa mgawanyo huu jina na kanuni. Data ikae sehemu moja (modeli), sura yake sehemu nyingine (mwonekano), na kinachopokea maagizo ya mtumiaji kiwe cha tatu (kidhibiti). Data moja inaweza kuwa na sura nyingi, na sura yoyote haina ruhusa ya kuiharibu data.

Ruka hadi mwaka 1998. Java 1.2 ilitoka na Swing, mkusanyiko wa vipande vya kutengenezea madirisha ya programu za kompyuta, na ndani yake kuna jedwali liitwalo JTable. Sasa fikiria jedwali la mistari 10,000 na safu 20. Hizo ni seli 200,000. Ukitengeneza kifaa kimoja cha kuonyesha kila seli, kumbukumbu ya kompyuta itajaa bure. Swing ikafanya kama karani mwenye muhuri. Kifaa ni kimoja tu: kinapewa thamani ya seli ya kwanza, kinagonga picha yake, kinahamia seli ya pili, na kuendelea hivyo kwa seli zinazoonekana tu.

Ujanja huu una mtego wake. Tuseme unaandika programu ya matokeo ya mtihani, ukaagiza: alama ikiwa chini ya 40, paka nyekundu. Unaendesha programu, kumbe hata mwenye 85 ni mwekundu! Muhuri ni uleule, na rangi uliyoutia hautaifuta wenyewe. Lazima uagize pia: vinginevyo, rudisha nyeupe. Ila hata hapo, 85 imebaki 85. Kosa la sura linarekebishika.

Balaa ni pale programu inapokisia sura na kubadilisha thamani palepale. Kwenye Excel, tarehe ni namba ya siku iliyovalishwa sura ya tarehe: 45292 ni tarehe 1 Januari 2024. Andika 60, uipe sura ya tarehe, utapata 29 Februari 1900, siku ambayo haijawahi kuwepo. Lotus 1-2-3 iliuhesabu mwaka 1900 kuwa mrefu, na Excel ikafuata ili mafaili yapatane.

Wanabiolojia ndio walioumia. Kuna jeni iliyokuwa ikiitwa SEPT2. Excel ikaisoma kama tarehe 2 Septemba na kuhifadhi namba ya siku. Ukibadilisha sura kurudi maandishi, unapata namba tu. Jina limekwenda. Vivyo hivyo, kitambulisho 2310009E13 kiligeuka 2.31E+19. Watafiti walionya mwaka 2004. Mwaka 2016 uchunguzi mwingine ulikuta makosa ya majina ya jeni katika karibu makala moja kati ya tano zilizoambatanisha orodha za jeni kwa Excel. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza mabadiliko: SEPT1 ikawa SEPTIN1, MARCH1 ikawa MARCHF1. Yaani sayansi ilibadilisha majina yake kwa sababu ya programu ya ofisini. Microsoft ilileta njia ya kuzima ubadilishaji huo mwaka 2023.

Kwa hiyo, wewe unayekusanya data za tasnifu: ipe safu sura ya maandishi kabla ya kubandika namba za simu au vitambulisho vya sampuli. Faili la CSV usilifungue kwa kubofya mara mbili; liingize kupitia menyu ya data ili uchague aina ya kila safu. Na ukiwa na shaka, bofya seli, kisha soma upau wa fomula hapo juu: mara nyingi ndipo utakapogundua kilichomo ndani. Fanya hivyo kabla ya kuhifadhi, kwa sababu faili likishahifadhiwa na kufungwa, sifuri iliyopotea hairudi yenyewe.