Bana OK: watoto wa Franco
OK Jazz ilianzishwa tarehe 6 Juni 1956 kwenye OK Bar, mjini Léopoldville, leo Kinshasa. Franco Luambo alifariki huko Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989. Wanamuziki wake waliendelea kupiga pamoja na Simaro Lutumba, lakini mwisho wa 1993 hawakupatana tena na jamaa ya Franco. Mwaka 1994 wakaunda Bana OK, maana yake kwa Lingala « watoto wa OK ». Jina waliliacha, nyimbo wakaenda nazo. Simaro naye alifariki tarehe 30 Machi 2019. Leo orkestra za mtaa zinapiga rumba hiyo kwenye baa. Vijana wengi wanajifunza kwa masikio, sababu mara nyingi hakuna noti zilizoandikwa. Mzee akienda bila mwanafunzi, sebene yake inaenda naye.