Tarehe Mbili za Adwa

Vitabu vya historia vinasema jeshi la Mfalme Menelik wa Pili liliwashinda Waitalia kule Adwa Machi 1, 1896. Hata hivyo, kila mwaka Waethiopia huadhimisha ushindi huo Machi 2. Anayeligundua hili kwa mara ya kwanza hudhani kuna aliyekosea, ama waandishi wa vitabu ama wenye sikukuu yao. Hakuna aliyekosea. Vita vilipiganwa siku ya 23 ya mwezi wa Yekatit, mwaka 1888 kwa hesabu ya Ethiopia, na mpaka leo sikukuu ni Yekatit 23. Kalenda iliyobadilika ni hii tunayoitumia sisi. Kwa kanuni iliyotangazwa na Papa Gregori wa 13 mwaka 1582, mwaka 1900 haukuwa mwaka mrefu, hivyo Februari ikaishia siku ya 28, ilhali Ethiopia ilikuwa imekwisha kuongeza siku yake miezi michache kabla. Tangu hapo pengo la kalenda hizi mbili limekua kwa siku moja.

Vivyo hivyo kwa hesabu ya miaka: kauli kwamba Ethiopia "iko nyuma miaka saba" inapotosha. Kuchelewa kunataka wasafiri wawili walioanza pamoja, na hawa hawakuanza pamoja. Wote wanahesabu tangu kuja kwa Yesu, ila waliikokotoa tarehe hiyo kwa njia tofauti. Mtawa Anniano wa Aleksandria, mwanzoni mwa karne ya tano, aliiweka miaka kadhaa baada ya pale ilipokuja kuwekwa kule Roma mwaka 525 na mtawa Dionisio, ambaye hesabu yake ndiyo tunayoifuata sisi. Ethiopia, ambayo kanisa lake lilikuwa chini ya Aleksandria hadi karne ya ishirini, ilishika hesabu ya Anniano. Atakayesema Dionisio alikaribia ukweli zaidi ana hoja, kwa kuwa wanahistoria wengi wanakubali Mfalme Herode alifariki mwaka wa 4 kabla ya Kristo. Lakini hoja hiyohiyo inamhukumu Dionisio pia, maana Yesu aliyezaliwa Herode akiwa hai hawezi kuwa amezaliwa mwaka wa kwanza.

Kosa kubwa zaidi hutokea pale mtu anapogeuza tarehe kwa kutoa saba au nane bila kuangalia mwezi. Mwaka wa Ethiopia una miezi 12 ya siku 30 kila mmoja, urithi wa Misri ya kale, na mwezi mfupi wa 13, Pagume, wenye siku tano au sita. Mwaka mpya, Meskerem 1, huanza Septemba 11. Kwa hiyo kuanzia siku hiyo hadi Desemba 31 tofauti ni miaka saba, na kuanzia Januari hadi mwaka unapoisha ni minane. Miaka hupewa kwa zamu majina ya Wainjilisti, Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Ule wa Luka, ambao ukigawanywa kwa nne hubakiza tatu, ndio wenye Pagume ya siku sita, na mwaka wa Yohana unaoufuata huanza Septemba 12. Ndivyo ilivyokuwa Septemba 12, 2023, ulipoanza mwaka 2016. Mtu anaweza kuona huu ni uchambuzi wa kupita kiasi. Basi na aitazame Septemba 12, 1974, siku Haile Selassie alipoondolewa madarakani. Ilikuwa Meskerem 2, 1967: mwaka mpya ulikuwa na siku mbili tu. Anayetoa minane kwa mazoea anaandika 1966, na mapinduzi yanarudi mwaka mzima nyuma.

Kuna wanaouliza kwa nini Ethiopia isiiache kalenda hii, hasa kwa kuwa hailingani na jua kama ile ya Gregori: inaongeza mwaka mrefu kila baada ya minne bila kuruka, na katika miaka 400 hujikuta na siku tatu za ziada. Hilo ni kweli. Lakini mkulima hapotezi msimu kwa siku tatu za karne nne. Tena jaribio la kuibadilisha kwa amri lilikwisha kufanyika. Katika miaka ya 1620, chini ya Mfalme Susenyos, Patriaki Mjesuiti Afonso Mendes aliamuru ibada na kalenda za Kirumi. Kulizuka uasi, na mwaka 1632 mfalme alirudisha imani ya zamani.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kuelewa. Waethiopia huhesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi, na saa yetu moja asubuhi ni saa yao moja. Tiketi ya ndege ikiandikwa 07:00, tunaigeuza kichwani bila kuona kwamba tumechelewa kwa saa sita. Mwandishi anayenukuu hati ya Kiethiopia na aandike tarehe zote mbili, kama zinavyostahili kuandikwa tarehe za mkataba wa Wuchale kati ya Ethiopia na Italia: Miyazya 25, 1881, yaani Mei 2, 1889. Na haja hiyo haitaisha, kwani mwaka 2100 nao hautakuwa mrefu kwa kalenda ya Gregori, na mwaka huo Yekatit 23 itaangukia Machi 3.