Skii na afya ya mwili na akili

Skii ni mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili nyembamba zilizofungwa kwenye viatu, huku mchezaji akishika fimbo mbili. Ina matawi mawili makubwa. Katika skii ya masafa, mchezaji hujisukuma mwenyewe kwa kilomita nyingi, tambarare na milimani. Katika skii ya mteremko, hupandishwa juu kwa mashine kisha huteremka kwa kasi. Faida za matawi haya kwa afya hazilingani, na ya masafa ndiyo iliyochunguzwa zaidi.

Kwa Mkenya wa kawaida, theluji ya kutelezea iko mbali. Chukua Ndalu, wadi ya wakulima wa mahindi katika eneo bunge la Tongaren, kaunti ya Bungoma, iliyo karibu na Mlima Elgon wenye mita 4,321. Hata huko kileleni theluji ikianguka haidumu. Hivyo mfano wa mwanaskii ulio karibu zaidi ni wa mtu wa Bonde la Ufa, Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 na jamaa ya Mike Boit aliyeshinda shaba ya mbio hizo München mwaka 1972. Mwaka 1996 Philip na mwenzake Henry Bitok walipelekwa Finland kwa udhamini wa Nike ili kuona kama mkimbiaji wa Kenya anaweza kugeuzwa mwanaskii. Februari 1998, kwenye Olimpiki ya Nagano, Boit alimaliza kilomita 10 akiwa wa 92, yaani wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe. Dæhlie alimsubiri kwenye mstari wa kumalizia akamkumbatia, na sherehe ya medali ikacheleweshwa. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie, akarudi kwenye Olimpiki za 2002 na 2006.

Watu wengi hukumbuka kumbatio lile. Kwa suala la afya, zile dakika 20 zina mafunzo zaidi. Moyo na mapafu Boit alikuwa navyo tayari. Miaka ya kukimbia nyanda za juu ilikuwa imemjengea. Alichokosa ni ufundi, pamoja na nguvu za mabega, mikono na tumbo, ambazo mkimbiaji huzitumia kidogo. Skii ya masafa huamsha misuli ya juu na ya chini kwa wakati mmoja, na kadiri misuli mingi inavyodai damu ndivyo moyo unavyozoezwa kusukuma. Ndiyo sababu wanaskii wa masafa wamo miongoni mwa wanamichezo waliopimwa viwango vya juu kabisa vya matumizi ya oksijeni. Isitoshe, mguu huteleza badala ya kutua kwa kishindo, hivyo magoti na nyonga hupata nafuu ambayo mkimbiaji wa barabarani haipati.

Ushahidi mwingi umetoka Uswidi, kwenye Vasaloppet, mashindano ya kilomita 90 yaliyoanza mwaka 1922. Watafiti walifuatilia washiriki zaidi ya 73,000 wa miaka ya 1989 hadi 1998, wakakuta vifo havikufika nusu ya vilivyotarajiwa kwa watu wa rika na jinsia zao. Takwimu hiyo isimezwe nzima. Anayejiandikisha kwa kilomita 90 aghalabu havuti sigara, anakula vizuri na tayari ana afya; skii haiwezi kupewa sifa zote. Uchunguzi mwingine wa washiriki hao hao ulionyesha kwamba waliorudia mbio mara nyingi na waliokuwa na kasi zaidi walipatwa zaidi na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio.

Upande wa akili, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha wanaskii wa Vasaloppet na watu wa kawaida, jumla wakikaribia 400,000, kwa muda uliofika miaka 21. Hatari ya kupatwa na ugonjwa wa wasiwasi miongoni mwa wanaskii ilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 60. Kasoro ilikuwa kwa wanawake wenye kasi kubwa: walikuwa na hatari zaidi kuliko wanawake wenzao wa mwendo wa pole. Mazoezi na ushindani, inaonekana, si kitu kimoja.

Skii ya mteremko hujenga mapaja na uwezo wa kusimama imara. Majaribio ya wiki 12 mjini Salzburg, Austria, yaliwafaidi hata wazee wa miaka 60 na zaidi. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika tawi hili huko PyeongChang mwaka 2018, mwanamke wa kwanza wa nchi hiyo kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Hatari kuu ya skii ya mteremko ni kukatika kwa kano ya ndani ya goti, pale mguu unapojipinda ubao ukiwa umenasa, na majeraha ya kichwa kwa asiyevaa kofia ngumu.

Kwa mkazi wa Ndalu asiye na theluji, kupalilia mahindi kwa jembe hutumia mikono, mgongo na miguu kwa pamoja, ila mgongo hukaa umeinama mno. Baiskeli kwenye miinuko hukaribia zaidi mahitaji ya moyo, lakini mikono haifanyi kazi kubwa. Nao Wakenya walioko Dubai wana Ski Dubai, ukumbi wa theluji uliofunguliwa mwaka 2005 ndani ya jumba la maduka, wenye mteremko wa mita 400. Kwa faida za moyo zilizotajwa hapo juu, mita 400 za kuteremka ni chache; kwa kujifunza kuanguka bila kuumia, zinatosha.